Ada za Wacheza Sataranji kwa Barua

Pale Rongai, na nakusudia Rongai ya Nakuru iliyo kando ya reli iendayo Uganda, wala si Ongata Rongai ya Kajiado ambayo wageni huichanganya na yetu, pana mti ambao chini yake, tangu saa nane za mchana hadi jua lichwapo, hawakosekani watu wawili walioinamia kibao cha drafti, na wengine sita au saba waliowazunguka, mikono nyuma, ndimi hazitulii. Kete ni vizibo vya soda: huyu kavilaza chali, yule kifudifudi. Ada ya mahali pale, ambayo mgeni aghalabu huidhania kuwa ni utovu wa adabu, ni kwamba mtazamaji ana haki ya kusema. “Mzee, kula hapo!” hupiga kelele kijana asiye na hata mvi moja, na mzee hakasiriki, bali hutazama, hupima, na mara nyingine hula. Kwa hiyo ashindaye hashindi peke yake, na ashindwaye ana watu wa kuwalaumu. Ada ya pili ni kali zaidi: aliyeshindwa huinuka papo hapo, mwingine akakaa mahali pake, wala hapana rufani.

Miongoni mwa watazamaji hao yumo kijana wa jirani yangu ambaye kila baada ya kitambo hutoa simu mfukoni, akaikazia macho, akaigusa kwa kidole kimoja, kisha akairudisha. Nilidhani ni mambo ya mapenzi. Kumbe anacheza sataranji, ama chesi kama waiitavyo vijana, na mtu wa ng’ambo ambaye hajapata kumwona, hatua moja leo na nyingine kesho kutwa.

Mchezo wa namna hii haukuletwa na simu. Mwaka 1824 watu wa London na watu wa Edinburgh walianza kuchezeana kwa barua, zama ambazo barua baina ya miji hiyo ilikwenda kwa gari la farasi, na haukwisha ubishi wao hadi mwaka 1828, Edinburgh ikashinda. Baadaye zikaja kadi za posta. Na ili watu wa lugha mbalimbali waelewane pasipo mkalimani, kila nyumba ya ubao ikapewa tarakimu mbili, hata ikawa kuandika 5254 kwatosha kumjulisha mwenzio kwamba askari aliye mbele ya shaha amesogea nyumba mbili. Chama chao cha dunia, ICCF, kiliundwa mwaka 1951, na bingwa wa kwanza wa dunia katika mchezo huo, C. J. S. Purdy wa Australia, alitawazwa mwaka 1953. Hebu fikiri: shindano la miaka mitatu ya kumngoja tarishi, kwa ajili ya taji lisilo na kelele za watazamaji.

Leo watu hao wamehamia katika tovuti, na kila tovuti imekuwa kama mtaa wenye sharia zake. Kijana aliniketisha akanionyesha mitaa mitatu. Wa kwanza ni Lichess, ulioanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, ambao hautozi hata senti, hauna matangazo ya biashara, na huishi kwa michango ya wapendao kuchangia. Hapo wawili hupatana muda wa kila hatua, tangu siku moja hadi kumi na nne. Kufungua vitabu ili kuona mabingwa waliuanzaje mchezo ni halali. Kuiuliza mashine ikufikirie ni haramu, na afanyaye hivyo huhesabiwa kuwa amekhini amana. Wa pili ni Chess.com, milki ya kampuni ya Marekani, uliofunguliwa mwaka 2007. Sharia yake juu ya vitabu na mashine ni karibu ile ile, ila una watu wengi mno, na una likizo: mchezaji asafiripo au auguapo anaweza kuzisimamisha saa zake.

Wa tatu ndio ulionichekesha peke yangu. ICCF wenyewe, ambao tangu mwaka 2004 wana mtambo wao mtandaoni, wameruhusu mashine waziwazi, kwa kuwa hawaoni njia ya kumzuia mtu aliye chumbani mwake. Nikasema, basi huu ndio mti wetu, mtazamaji kapewa ulimi! Lakini kijana alinisahihisha. Chini ya mti kila mshauri hukosea kwa namna yake, ilhali huko wote hunong’onezwa na mshauri akoseaye kwa nadra, na hatima yake ni kwamba katika mashindano ya juu sehemu kubwa sana ya michezo huishia sare. Mimi sioni raha ya sare nyingi kiasi hicho, ingawa wao husema raha imo katika kuitafuta ile hatua moja ambayo mashine haikuiona upesi.

Kijana amechagua ule mtaa usiotoza, kwa hatua ya siku tano. Mchezo wa dakika tano, asema, hupotea umeme ukikatika au mtandao ukiyumba, lakini huu wa siku nyingi hungoja, na hatua moja hailambi bando. Hata hivyo siku tano nazo si nyingi. Mwezi wa Aprili, mvua ilipoanza, alikuwa shambani akipanda mahindi tangu alfajiri, jioni akilala kama gogo, na alipokumbuka simu alikuta michezo mitatu imekwisha kwa saa, miwili kati yake akiwa anaongoza. Hakumlaumu mtu.

Jambo moja tu ndilo siwezi kulizoea. Juzi alinionyesha mchezo ambao mshindani wake hana tena njia: malkia hana, shaha kasongwa pembeni, imebaki hatua mbili au tatu tu. Wapole wa mchezo huo katika hali kama hiyo hukiri kushindwa, na kuiacha saa iishe ovyo huonwa kuwa aibu. Bwana yule ilikuwa siku yake ya nne hajasema neno. Na chini ya mti, katika muda wa mazungumzo yetu, watu watano walikuwa wamekwisha kushindwa na kuinuka.

“Mbona humwandikii ukamwambia?” nikamwuliza.

“Huenda naye anapanda, mzee,” akasema, akaitia simu mfukoni, akaenda kukaa kwenye kibao, maana zamu yake ilikuwa imefika.