Kidonge cha mifupa hakimezwi kwa chai

Mama wa miaka sitini na kitu akiteleza kwenye ngazi za ghorofa pale Umoja au Kayole, akaanguka na kuvunjika mkono, majirani husema ni bahati mbaya. Daktari hujiuliza swali jingine: mbona mfupa umevunjika kwa kuanguka kudogo hivyo? Aghalabu jibu ni kwamba mifupa imedhoofika ndani kwa ndani, kama mbao iliyoliwa na mchwa huku nje ikionekana nzima. Ugonjwa huu huitwa osteoporosisi. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, kwa kuwa homoni ya estrojeni inayolinda mifupa huwa imepungua. Hata hivyo, wanaume wazee nao huupata, na vilevile watu waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, mathalan kwa sababu ya pumu kali au baridi yabisi.

Leo, msomaji, nataka tuzungumzie dawa za ugonjwa huu. Wagonjwa wengi ninaowaona katika mitaa ya Eastlands huziacha kimyakimya baada ya majuma machache, na malalamiko yao karibu hufanana: “Daktari, ile dawa inanichoma kifua.”

Dawa inayotolewa mara nyingi ni alendroneti, kidonge cha miligramu 70 kinachomezwa mara moja kwa juma. Kazi yake ni kuzuia chembe zinazomomonyoa mfupa. Haitulizi maumivu, wala haitakufanya ujisikie mwenye nguvu kesho asubuhi. Nadhani hii ndiyo sababu ya pili ya watu kuiacha, kwani ni vigumu kumshawishi mtu aendelee kununua dawa ambayo haoni faida yake na tena inamchoma.

Sasa, kuchoma huko kunatoka wapi? Kidonge hiki kikikwama kwenye umio, ule mrija wa chakula, au kikirudi juu pamoja na asidi ya tumbo, huunguza utando wake. Dawa hii iliidhinishwa Marekani mwaka 1995, na kufikia 1996 madaktari huko walikuwa wamekwisha kuchapisha habari za wagonjwa waliopata vidonda vya umio. Ilionekana kwamba miongoni mwao walikuwapo waliomeza kwa maji kidogo au bila maji, waliolala baada ya kumeza, na walioendelea kumeza hata baada ya maumivu kuanza.

Ukimuuliza mgonjwa wa hapa kwetu alivyomeza, utasikia yale yale. Mwalimu mmoja mstaafu wa Buruburu alikuwa akiamka saa kumi na moja, anameza kidonge kwa chai ya maziwa, kisha anarudi kitandani kungoja kupambazuke. Kulala kulimletea kiungulia. Chai nayo ilimfanyia ubaya ambao hakuuhisi: kalisiamu iliyo katika maziwa huishika dawa hii isiingie mwilini. Hata ukimeza sawasawa, ni chini ya asilimia 1 tu ya dawa inayoingia katika damu. Kahawa au maji ya machungwa hupunguza kiasi hicho kidogo kwa takriban asilimia 60, na ukimeza pamoja na chakula au maziwa unaweza kukosa karibu chote. Kwa hivyo mama huyu alikuwa akipata madhara ya dawa bila faida yake.

Alipobadilisha namna ya kumeza, kiungulia kilipungua. Ukiamka, kabla ya kula au kunywa chochote, meza kidonge kizima kwa gilasi iliyojaa maji matupu. Usikitafune wala kukimumunya. Halafu kaa wima kwa muda usiopungua nusu saa, na usilale mpaka uwe umekula. Kukaa wima si lazima uwe kama askari wa gwaride. Unaweza kufagia, kutembea au hata kuketi ndani ya matatu. Nusu saa ikiisha, kunywa chai yako kwa raha. Na kwa kuwa mabomba ya mitaa yetu hukauka bila kumwarifu mtu, weka gilasi ya maji safi tangu jioni ya kuamkia siku ya dawa. Wengi niwajuao wamechagua Jumamosi, kwa sababu hawana haraka ya kutoka. Muislamu anayefunga Ramadhani anaweza kuamka mapema kidogo akameza nusu saa kabla ya daku, mradi tumbo liwe tupu.

Jambo jingine linalosahauliwa ni dawa za kutuliza maumivu. Mtu ana magoti mabaya, kila jioni hupitia kwa kemisti akanunua diklofenaki, kisha tumbo likiwaka analaumu kidonge cha mifupa. Dawa hizo mbili pamoja huliumiza tumbo zaidi. Dawa za kupunguza asidi, nazo, zisimezwe saa moja na alendroneti, wala vidonge vya kalisiamu. Kalisiamu ya kawaida ifuate chakula cha mchana au cha jioni. Ikikufunga choo, ongeza maji, matunda na mboga, au umwombe daktari aigawe mara mbili kwa siku. Pengine huihitaji kabisa. Anayekunywa maziwa kila siku na kula omena pamoja na miiba yake hupata kalisiamu nyingi.

Kiungulia chepesi kinaweza kurekebishwa nyumbani. Lakini ukihisi maumivu unapomeza, chakula kikikwama kifuani, au ukipata choo cheusi kama lami, acha kidonge siku hiyo hiyo na uende hospitali. Aliye na umio uliobana, asiyeweza kukaa wima nusu saa, au mwenye figo zilizodhoofika sana, hafai kupewa dawa hii tangu mwanzo.

Kwa watu kama hao, na kwa walioshindwa na vidonge, kuna sindano. Asidi ya zoledroniki hutiwa mshipani kwa dripu mara moja kwa mwaka, baada ya kupimwa figo na kiwango cha kalisiamu. Katika siku tatu za mwanzo wengine hupatwa na homa, kichwa kuuma na misuli kuvunjikavunjika. Hapa Nairobi mtu akihisi hivyo hukimbilia dawa ya malaria! Kunywa maji ya kutosha na utumie parasetamoli. Aghalabu hali hiyo hupita, na mwaka unaofuata huwa nafuu. Homa ikizidi siku hizo, hapo ndipo upimwe ugonjwa mwingine.

Sindano ya denosumabu hudungwa chini ya ngozi kila baada ya miezi sita, nayo haichomi tumbo. Hatari yake iko katika kuikatiza. Ukichelewa au kuiacha bila kupewa dawa nyingine ya kushika nafasi yake, mifupa hupoteza upesi yale iliyokuwa imepata, na pingili kadhaa za uti wa mgongo zinaweza kuvunjika. Kabla hujadungwa ya kwanza, fikiria ya pili na ya tatu utazilipia vipi, na kama unahamia mashambani utazipata wapi. Mwambie daktari ukweli wa mfuko wako. Kidonge cha kila juma unachokimudu ni bora kuliko sindano utakayoikosa.

Huenda umesikia kwamba dawa hizi huozesha taya. Hutokea, lakini ni nadra, hasa baada ya kung’olewa jino. Basi yatengeneze meno mabovu kabla ya kuanza, na umjulishe daktari wa meno unachotumia. Nadra vilevile ni mfupa wa paja kupata ufa baada ya miaka mingi ya dawa. Maumivu mapya ya paja au kinena yasiyoeleweka yapigiwe picha, yasisuguliwe tu kwa mafuta. Kwa sababu ya mambo hayo, baada ya miaka 5 ya vidonge au 3 ya dripu daktari huangalia upya kama unaweza kupumzishwa. Mapumziko hayo hayahusu denosumabu.

Na ukisahau kidonge siku yake, meza kimoja asubuhi inayofuata baada ya kukumbuka, kisha urudie siku yako ya kawaida. Usimeze viwili siku moja.