Mtoto Mwenye Hali ya Down: Mama Asilaumiwe

Wazazi wapendwa, mtoto akizaliwa mlegevu, macho yameinuka pembeni na kiganja kina mstari mmoja tu uliokatiza, mara nyingi ukoo humnyoshea mama kidole: amevunja mwiko, alikula nini? Hayo si kweli.

Mwili umejengwa kwa chembe hai. Ndani ya chembe kwa kawaida mna kromosomu 46, nyuzi ndogo sana zinazobeba urithi: 23 za baba, 23 za mama. Mwaka 1959 daktari Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walitangaza kwamba watoto hawa wana 47. Kromosomu ya 21 ni tatu badala ya mbili. Kosa hilo kwa kawaida hutokea yai au mbegu inapoumbwa, kabla mimba haijatungwa. Basi halikuletwa na chakula wala kazi ya wakati wa ujauzito. Uwezekano huongezeka mama akiwa na umri mkubwa, lakini hata mama kijana huweza kumzaa.

Dawa ya kuiondoa kromosomu hiyo hakuna, ila msaada upo. Mnyonyesheni kwa subira, maana huchoka upesi. Mleteni hospitali mapema apimwe moyo: karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo, na nyingi hutibika kwa upasuaji. Apimwe pia masikio, macho na tezi ya shingo, na apate chanjo zote.

Msimfiche ndani. Wakifundishwa polepole, wengi hutembea, husema, huenda shule na kupokea Komunyo ya Kwanza pamoja na wenzao.