Afya ya abiria i mdomoni mwake

KILA kunapopambazuka mjini Kakamega, mamia ya watu huelekea steji. Huenda wewe msomaji ni mmoja wao. Yuko mwalimu anayekwenda Chavakali, mama mboga anayefuata bidhaa Kisumu, mwanafunzi anayerudi chuoni Lurambi, na mgonjwa aliyetoka Malava kuja kliniki katika hospitali kuu ya kaunti. Utingo anapaza sauti: "Kisumu, wawili twende!" Unaingia, unakuta viti vinane vitupu, unaketi na kungoja. Hadi hapo hakuna jipya.

Jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii ni kwamba tunapoinua mguu kuingia ndani ya matatu, tunafanya uamuzi unaohusu afya yetu, sawa na tunapochagua maji ya kunywa. Mtu anayechemsha maji kila siku, na kulala ndani ya chandarua akiogopa malaria, ndiye huyo huyo anayekubali kubanwa kitini bila mkanda, madirisha yakiwa yamefungwa na gari likienda kasi ya kutisha, naye akanyamaza kimya.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani duniani. Kwa watoto na vijana wa kati ya miaka 5 na 29, hakuna ugonjwa unaoua wengi kuliko ajali hizo. Hapa Kenya, zaidi ya watu 4,000 walipoteza maisha barabarani katika mwaka wa 2022 pekee, na idadi haikushuka chini ya hapo mwaka wa 2023 wala wa 2024.

Sisi wa magharibi tunaijua huzuni hiyo. Alfajiri ya Oktoba 10, 2018, basi lililokuwa likitoka Nairobi kuja Kakamega lilipoteza mwelekeo na kubingirika huko Fort Ternan, katika Kaunti ya Kericho. Zaidi ya watu 50 walikufa, watoto wakiwemo. Maafisa walisema baadaye kwamba basi hilo halikuwa na kibali cha kusafiri usiku. Abiria waliolipanda hawakuwa na njia ya kujua hivyo, kwa kuwa si desturi yetu kuuliza.

KANUNI ZAJA, ZALEGEA

Matatu zilipoanza ziliitwa hivyo kwa sababu nauli ilikuwa senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu kubeba abiria bila leseni maalumu, na tangu hapo zikaenea kila pembe ya nchi. Kwa miaka mingi sheria ya pekee ndani ya gari ilikuwa neno la utingo: "Songeni, kuna nafasi!"

Mageuzi makubwa yalikuja Februari 2004, wakati John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi. Kila matatu ilitakiwa kuwa na mikanda ya usalama na kifaa cha kudhibiti mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Abiria wa kusimama walipigwa marufuku, na nissan zikabakia na abiria 14. Madereva na utingo walivaa sare, na ule mstari wa manjano ukachorwa ubavuni. Wanaokumbuka siku hizo watakuambia jinsi safari zilivyotulia kwa ghafla, hata watu wakaanza kusikia mazungumzo yao wenyewe.

Baadaye iliundwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) kwa sheria ya mwaka wa 2012. Kanuni za mwaka wa 2014 zikawataka wenye matatu kujiunga na chama au kampuni yenye magari yasiyopungua 30, ili gari likikosea pawe na ofisi ya kuulizwa. Nayo barabara yetu ya A1, itokayo Kisumu kupitia Kakamega hadi Webuye na Kitale, ilifanyiwa ukarabati mkubwa.

Hayo yote ni maendeleo, na yanastahili sifa. Lakini kanuni ina ugonjwa wake: hulegea pale isipokuwa na mlinzi. Polisi hawezi kuketi katika kila matatu. Mkanda unakatika na haurudishwi, kifaa cha kudhibiti mwendo kinachezewa, na ubao wa "sambaza" unatandazwa kati ya viti ili wakae wawili zaidi. Barabara nzuri nayo humtia dereva tamaa ya kukanyaga mafuta. Mtu aliyepo tangu mwanzo wa safari hadi mwisho ni mmoja tu: abiria.

DAKIKA NANE TU

Hebu tufanye hesabu ndogo. Kutoka Kakamega hadi Kisumu ni kilomita 50 hivi. Gari likienda kilomita 80 kwa saa bila kusimama, litafika kwa dakika 38. Likienda kilomita 100 kwa saa, litafika kwa dakika 30. Tofauti ni dakika nane, na hizo huliwa zote katika msongamano wa kuingia mjini, au kwa kuteremsha abiria Khayega, Mbale na Majengo.

Sasa tazama unalipa nini kwa dakika hizo. Nguvu ya mgongano haiongezeki sawa na mwendo. Kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, nguvu hiyo hupanda kwa zaidi ya nusu. Kwa kila sekunde moja gari hukimbia karibu mita 28 badala ya 22, kwa hivyo mtoto akivuka ghafla karibu na Ilesi, dereva atakuwa ameshamfikia kabla mguu wake haujagusa breki. Wataalamu wa WHO wanasema kwamba kila mwendo wa wastani unapopanda kwa asilimia moja, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia nne.

ABIRIA AKISEMA, DEREVA HUSIKIA

Je, sauti ya abiria ina nguvu yoyote? Ushahidi upo, na ulipatikana papa hapa Kenya. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani, James Habyarimana na William Jack, waliweka vibandiko ndani ya zaidi ya matatu 1,000 za safari ndefu. Vibandiko hivyo viliwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha vibaya. Hakukuwa na askari wala faini, ila bahati nasibu ya kuwatuza madereva ambao hawakuvibandua.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2011. Madai ya bima ya ajali yalipungua kwa kati ya nusu na thuluthi mbili. Utafiti mwingine mkubwa zaidi, uliochapishwa mwaka wa 2015, ulipata upungufu wa kati ya robo na thuluthi moja. Kampeni ya vibandiko hivyo ikaja kujulikana kwa neno moja: Zusha! Dawa hii haiuzwi dukani, na bei yake ni kufungua mdomo.

Najua utakavyojibu. Utasema ukilalamika utaambiwa, "Kama hutaki, shuka ukanunue gari lako!" Ni kweli, hasa kwa mama au kijana aliye peke yake. Kwa hivyo kuna namna ya kusema:

Kwanza, sema mapema. Dereva aliyeanza vibaya steji ni rahisi kumrekebisha kuliko aliyekwisha kupandwa na mori barabarani.

Pili, sema kwa adabu. "Dere, mwanangu, pole pole, sote tuna watu nyumbani" hupenya kuliko matusi. Usimshike mkono wala usibishane naye akiwa anapita gari jingine.

Tatu, tafuta wenzako. Mgeukie jirani: "Mzee, huoni tunakimbizwa?" Watatu wakisema pamoja, utingo hana jibu. Mara nyingi wote walikuwa wakiogopa, kila mmoja akimngojea mwenzake aanze.

Nne, asiposikia, omba kushuka mahali penye watu na magari mengine. Andika nambari ya gari na jina la chama chake, kisha upeleke habari kwa polisi, NTSA au ofisi ya chama hicho. Nauli ya gari la pili itakuuma, lakini haifiki hata sehemu ndogo ya gharama ya kuunga mguu uliovunjika.

MKANDA, MAMA NA MTOTO

Mkanda hupunguza hatari ya kifo kwa aliye ndani ya gari hadi nusu. Ukipata kiti kisicho na mkanda, uliza kabla gari halijaondoka, si baada ya kufika Khayega. Ukiwa mchafu, ufunge hivyo hivyo, nguo hufuliwa.

Mama mjamzito naye afunge. Sehemu ya chini ya mkanda ipite juu ya nyonga, chini ya tumbo, na kamwe isipite juu ya tumbo lenyewe. Ukimpakata mtoto, usiufunge mkanda mmoja ukawazunguka nyote wawili, kwa maana gari likigonga uzito wako utamponda. Kila inapowezekana, mlipie mtoto kiti chake.

FUNGUENI MADIRISHA

Ajali si hatari ya pekee. Kifua kikuu husambaa kwa hewa, mgonjwa anapokohoa mahali palipofungika. Matatu iliyojaa, na madirisha yake yamefungwa kwa sababu ya baridi ya asubuhi au mvua ya alasiri, ni mahali pa aina hiyo. Wakati wa ugonjwa wa Covid-19 mwaka wa 2020, serikali iliamuru nissan za watu 14 zibebe wanane tu, na agizo hilo likaondolewa Agosti 2021. Ugonjwa ulipopungua, madirisha nayo yakafungwa tena.

Uwazi wa vidole vitatu kila upande watosha kubadilisha hewa bila kumlowesha mtu. Ukikohoa, ziba mdomo kwa kitambaa au kiwiko. Na kama kikohozi kimekukaa kwa wiki mbili au zaidi, usikae kukilaumu vumbi; nenda ukapimwe. Matibabu ya kifua kikuu katika hospitali za umma ni ya bure.

Hewa safi humfaa pia anayetapika safarini. Aketi mbele, atazame mbali nje ya dirisha badala ya simu, na ale kidogo kabla ya safari. Kujaza tumbo ugali na nyama kisha kupanda gari la Mumias ni kujitafutia aibu.

BODABODA

Wengi hushuka matatu na kumalizia safari kwa bodaboda. Kazi hii ilizaliwa jirani yetu Busia, mpakani na Uganda, ikifanywa kwa baiskeli. Serikali ilipoziondolea pikipiki ndogo ushuru mwaka wa 2008, zikafurika vijijini. Zimewaokoa wajawazito wengi usiku wa manane, na pia zimejaza wodi za mifupa.

Tathmini ya tafiti nyingi iliyotolewa mwaka wa 2008 ilionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Wengi huikataa helmeti ya bodaboda wakihofia jasho la wengine, mba na mwasho. Hofu hiyo ina msingi, lakini tiba yake ni rahisi: funga leso safi kichwani kwanza, kisha uvae. Afadhali anayesafiri kila siku anunue yake. Na msipande watatu. Pikipiki ina nafasi ya dereva na abiria mmoja.

AJALI IKITOKEA

Ukifika penye ajali, usimvute majeruhi kwa mikono na miguu kama gunia la mahindi. Shingo au uti wa mgongo uliovunjika waweza kumpoozesha maisha yake yote kwa kuvutwa huko. Mwondoe tu ikiwa kuna moto au gari linaweza kumgonga, na wakati huo kichwa, shingo na mgongo vishikwe pamoja vikiwa vimenyooka. Jeraha linalovuja damu nyingi, likandamize kwa kitambaa safi bila kuachilia, ukijikinga mikono na damu. Aliyezimia usimpe maji wala soda, maana yanaweza kuingia mapafuni. Piga simu 999 au 112, utaje mahali kwa alama inayojulikana.

Basi kesho asubuhi utasimama tena steji, na utaitwa, "Wawili twende!" Kabla hujaketi, tazama mkanda. Ukishaketi, mwamkue jirani yako, "Mulembe," kwa sababu aliyeamkuliwa atakuunga mkono ukihitaji kusema. Gari likianza kukimbia kupita kiasi, usingojee mtu mwingine aanze. Yeye pia anakungojea wewe.