Kodi ya Tano Yenye Noti Zilizogeuzwa: Muundo na Upigaji Wake katika Piano

Ikisiri
Makala haya yanaeleza muundo na upigaji wa kodi ya tano iliyogeuzwa katika muziki wa jazi. Hoja yake ni kwamba kinachogeuzwa ni baadhi ya noti, wala si kazi ya kodi. Hivyo istilahi na ufundishaji wake kwa Kiswahili havina budi kuanzia kwenye kazi hiyo. Neno kodi limetumika kwa maana ya noti kadhaa zinazosikika pamoja, si malipo ya serikali.

1.0 Utangulizi
Mwanakwaya aliyefunzwa kwa do-re-mi anajua kuwa ti huvutwa na do, na fa huelekea mi. Kodi ya tano huzibeba sauti hizo mbili kwa pamoja. Katika ufunguo wa C, kodi hiyo ni G, B, D na F. Umbali wa toni tatu baina ya F na B ndio unaomfanya msikilizaji aingojee C. Katika miaka ya 1940, wanamuziki wa bibopu jijini New York, wakiwamo Dizzy Gillespie na Thelonious Monk, waliutumia mno mvutano huo na kuukoleza.

2.0 Muundo
G, B na F hubaki kama zilivyo. Noti ya tano, D, hushushwa nusu toni kuwa D flati au hupandishwa kuwa D shapu, ambayo katika piano ni kitufe kimoja na E flati. Noti ya tisa, A, huwa A flati au A shapu, yaani B flati. Zikipangwa, hupatikana skeli ya G, A flati, B flati, B, D flati, E flati na F. Noti hizo ndizo za A flati maina ya melodi inayopanda, ila hapa huanzia G.

3.0 Upigaji
Mkono wa kushoto upige F na B zilizo chini ya C ya kati. Wa kulia, E flati na A flati juu yake. G huachiwa mpigaji wa besi. Asipokuwapo, mpiga piano aiguse kwanza chini kabisa na kuishikilia kwa pedali. Kisha F ishuke hadi E, E flati hadi D, A flati hadi G, B ibaki, na besi iende C. Sauti tatu zimeshuka nusu toni kila moja. Kwa D na A za kawaida, D ingebaki palepale na A ingeshuka toni nzima, msukumo ungepungua. Mwanafunzi apige namna zote mbili, moja baada ya nyingine, ndipo sikio litambue tofauti.

4.0 Hitimisho
Kuiita “kodi iliyogeuzwa” pekee kwaweza kumfanya mwanafunzi adhani kuwa kodi yote imekuwa nyingine. Makala haya yanapendekeza “kodi ya tano yenye noti zilizogeuzwa”. Istilahi hiyo ni ndefu, lakini inataja kazi na badiliko kwa pamoja. Waandaaji wa mitaala ya muziki wanashauriwa kuanza na mwendo wa sauti, ambao wanakwaya wanaujua tayari, kabla ya orodha ya alama za kukariri.