Picha yenye kasoro isitupwe

KATIKA nyumba nyingi za Musoma, Bunda na Butiama, sebuleni huning'inia picha ya mzee aliyekwisha kufariki. Si ajabu kukuta uso una ukungu au rangi zimegeuka nyekundu.

Kasoro hizo zina sababu zake. Ukungu hutokea pale anayepigwa picha anapotikisika huku kamera ikiendelea kupokea mwanga, hasa mahali penye mwanga hafifu. Wekundu huja kwa kuwa katika picha nyingi za rangi za zamani, samawati huchujuka mapema kuliko rangi nyingine.

Hata hivyo, kasoro haiondoi uzuri. Mwingereza Julia Margaret Cameron, aliyepewa kamera mwaka 1863 akiwa na miaka 48, alilaumiwa kwa nyuso zenye ukungu; leo picha zake zimo katika makumbusho makubwa duniani. Aliyetikisika kwa kicheko huacha ukungu, lakini kicheko chenyewe hubaki.

Mwalimu Julius Nyerere, ambaye makumbusho yake yalifunguliwa Butiama mwaka 1999, alipigwa picha nyingi. Mkulima au mvuvi wa rika lake huenda aliacha moja tu. Ikitupwa hiyo, wajukuu hawatakuwa na sura nyingine ya kumkumbuka.

Ni vema picha ya namna hiyo iwekwe mbali na jua, itolewe nakala, na jina liandikwe nyuma kwa penseli wakati wanaomfahamu mwenyewe wangali hai.