Aliyetuma siye aliyeona

Ujumbe wa sauti unaingia usiku kutoka kwa binamu aliyeko Goma. Yeye kautoa kwenye kikundi cha kanisa, na kikundi nacho hakuna ajuaye kimeutoa wapi. Tunauamini kwa kuwa aliyetuma ni ndugu. Huko Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, mazoea hayo yaligharimu maisha ya watu.

Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha rasmi 25 Juni 2020, watu 2,287 wakiwa wamekufa. Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa miji hii miwili, na robo yao walisema Ebola haipo. Maneno yalizagaa kwenye simu na vijiweni: chanjo inaua, ugonjwa ni biashara, ukiingia kituo cha matibabu hutoki. Aliyesadiki alimficha mgonjwa wake nyumbani, na waliomwuguza wakaambukizwa.

Siwalaumu. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanachinjwa, na ulinzi walioahidiwa hawajauona. Kisha Desemba 2018 Tume ya Uchaguzi ikaahirisha kura yao hadi Machi, ikitaja Ebola na usalama, wakati karibu nchi nzima inapiga kura tarehe 30. Aliyenyimwa kura kwa sababu ya ugonjwa atakosaje kuutilia shaka? Siku iliyofuata kura ya tarehe 30, intaneti ikazimwa nchini kwa takriban wiki tatu. Uvumi haukuzimika. Februari vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni, akauawa kwa risasi hospitalini Butembo.

Waliogeuza mioyo, kwa maoni yangu, ni waliopona. Kwa kuwa walikuwa na kinga, waliwalea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa, kisha wakarudi mitaani wakasimulia kwa Kinande. Jirani aliyekuona ukibebwa, leo anakuona unanunua mihogo sokoni: video gani itamshawishi kwamba kituoni hakuna anayetoka?

Shahidi wa namna hiyo ndiye wa kutafutwa hata leo, wakati simu zimejaa picha za vita. Video ya umati unaokimbia huenda ni ya mwaka mwingine, au hata ya nchi nyingine. Nani aliona, wapi, lini? Kabla ya kufunga virago, mpigie ndugu aliyeko Lubero, umwulize anaona nini barabarani. Asipopatikana, fungulia Radio Okapi au Radio Moto, na ile video usiitume kwa mtu kwanza.