Mtoto na Kingereza: Asome Kwanza Luga ya Nyumbani



Siku hizi katika miji yetu ya migodi kila mzazi anataka mtoto wake ajue Kingereza. Sababu tunazijua. Kolwezi, Likasi na Lubumbashi kuko makampuni ya kigeni, na kazi nyingi humo zinaomba Kifaransa na Kingereza pamoja. Ukivuka mpaka pale Kasumbalesa, umefika Zambia, na kule barua za serikali na za benki zinaandikwa kwa Kingereza. Kijana anayekijua anaweza kuomba kazi ambayo mwenzake hawezi kuiomba.

Kwa hiyo wazazi wengine wanakimbia. Mtoto ana myaka sita, hajui bado kusoma jina lake mwenyewe, na tayari wanamlipia masomo ya Kingereza kila mangaribi. Kiisha myezi mitatu anasema "Good morning, teacher" na anahesabu mpaka 20. Nyumba nzima inapiga makofi. Lakini mpe buku, weka kidole juu ya neno moja katikati ya ukurasa, umuulize: "Hapa wameandika nini?" Ananyamaza. Ao anaimba ukurasa mzima kwa kichwa, na kidole chake kiko mahali pengine kabisa.

Mtoto huyo si mjinga. Tumemuomba mambo mawili mazito kwa mara moja: ajue kusoma ni nini, na ajue luga ambayo hajaisikia nyumbani. Mtu mzima pia angeshindwa.

JIRANI ZETU WALIJARIBU NJIA ZOTE MBILI

Tuangalie ng'ambo ya mpaka, kwa watu ambao wengi wao wanasema Kibemba, luga inayosikika hata katika miji yetu. Mwaka 1966 Zambia iliweka sheria iliyofanya Kingereza kuwa luga ya kufundishia tangu kalasi ya kwanza. Nia ilikuwa nzuri. Walifikiri mtoto akianza mapema, atajua zaidi. Lakini kwa myaka mingi walimu waliona watoto wanaofika kalasi za juu bila kuweza kusoma vizuri, si Kingereza, si luga yao.

Mwaka 1998, katika shule za Kasama na Mungwi, kaskazini ya Zambia, walijaribu njia nyingine. Watoto wa kalasi ya kwanza walifundishwa kusoma na kuandika kwa Kibemba. Kingereza walikisikia na kukisema tu. Mwaka ulipoisha, wengi walikuwa wanasoma, na walipita hata wakubwa wao walioanza kusoma kwa Kingereza. Halafu njia hiyo ikaenezwa katika nchi nzima: kusoma kwa luga ya nyumbani katika kalasi ya kwanza, kusoma kwa Kingereza katika kalasi ya pili.

Angalia vizuri: hawakuacha Kingereza. Walibadilisha mpango wa hatua tu. Mtoto anajifunza kusoma mara moja katika maisha yake. Akishajua kwamba herufi ni sauti, na kwamba sauti zikiungana zinatoa neno lenye maana, ujuzi huo anakwenda nao katika luga yoyote.

KISWAHILI CHETU KINAMSAIDIA

Sisi tuko na bahati. Kiswahili kinaandikwa vile kinavyosikika: "a" ni "a" popote, "u" ni "u" popote. Mtoto mwenye kufuatwa vizuri anaweza kujua kukisoma mapema. Kama hakuna buku lingine nyumbani, kitabu cha nyimbo za kanisa kinatosha kwa kuanza.

Tena kuko herufi ambazo Kingereza kinafanana na Kiswahili kuliko Kifaransa. "Ch" ya "chair" ni ile ya "chai" yetu. "J" ya "jam" ni ile ya "jambo". "Sh" ya "shop" ni ile ya "shamba". Mwambie mtoto: "Hapa soma sawa Kiswahili, si sawa Kifaransa." Atafurahi kuona kwamba kitu anachokijua kina kazi.

Sauti ya "th" ndiyo inatutesa, kwa sababu sisi wengi tunasema "selasini" kwa "thelathini". Mwonyeshe kwa kioo: ncha ya ulimi inatoka kidogo katikati ya meno, pumzi inapita. "Three", "thank you". Atacheka, na wewe ucheke naye, kisha murudilie.

SAUTI KWANZA, MAJINA YA HERUFI NYUMA

Wengi wanaanza na wimbo wa A-B-C. Wimbo si mbaya, lakini haumfundishi mtoto kusoma. Majina ya herufi katika neno "cat" ni "si, ei, ti". Hata uyaseme mbio namna gani, hayatoi jina la paka. Mfundishe sauti: "k", halafu "a" fupi, halafu "t".

Anza na maneno ya herufi tatu yenye vitu vya kugusa ao vya kuchora: "cat", "pen", "pig", "pot", "sun". Maneno hayo matano yana vokali zote tano. "Pen" na "pot" hayana shida kwetu. "Sun" linamshangaza mtoto, kwa sababu kwa sikio letu linasikika karibu "san". Mwambie hivyo tangu mwanzo: "u" ya Kingereza mara nyingi iko na sauti hiyo, kama katika "cup" na "bus".

Akishajua haya, mwonyeshe "e" ya mwisho isiyosemwa. Yenyewe inanyamaza, lakini inabadilisha vokali iliyo mbele yake. Andika "cap", ongeza "e", inakuwa "cape". Andika "kit", ongeza "e", inakuwa "kite". Fanya vilevile na "hop" na "hope". Mtoto akielewa sheria hii moja, maneno mengi yanafunguka.

Kuko maneno ambayo hayafuati sheria: "the", "was", "said", "one", "you". Hayo asiyatafute kwa sauti, ayajue kwa macho. Kata karatoni ya sabuni ao ya sukari, andika neno moja kwa kila kipande, weka mawili tu kwa juma. Kwa mwaka mmoja ni karibu mia moja.

MITEGO YA SARUFI

Kwa mtoto mdogo usifundishe majina ya sarufi. Mpe sentensi nzima, aizoee. Lakini wewe mkubwa ujue mahali anapoangukia, kwa sababu ni karibu palepale kwa watoto wetu wote.

Mtego wa kwanza: njaa na myaka. Kwa Kiswahili tunasema "niko na njala, niko na myaka saba". Kifaransa kinasema vilevile. Basi luga mbili zinamvuta mtoto, naye anasema "I have seven years". Kingereza kinasema "I am seven. I am hungry."

Mtego wa pili: wingi. Sisi tunageuza kichwa cha neno: kitabu, vitabu. Kingereza kinaongeza mkia: "cup", "cups". Kifaransa pia kinaandika "s", lakini mara nyingi haisikiki. Kwa hiyo mtoto anayesoma Kifaransa anaandika "cups" na kusema "cup". Kwa Kingereza ile "s" inasemwa na inasikika.

Mtego wa tatu: nafasi ya sifa. Sisi tunasema "nyumba kubwa". Kingereza kinatanguliza sifa: "a big house", "a red cup".

Mtego wa ine: "s" ya mtu wa tatu. "I go", lakini "Mama goes". Chukua watu wa nyumba: "I eat, you eat, Baba eats, Yaya eats." Semeni mukiwa mezani mbele ya bukari, kila mtu na sentensi yake.

Mtoto akikosa, usimkatize na usimcheke mbele ya wenzake. Akisema "I have seven years", jibu tu: "Ndiyo, you are seven! I am seven. Sema tena." Mtoto anayechekwa anajifunza jambo moja upesi: kufunga kinywa.

ROBO SAA KILA SIKU

Dakika 15 kila siku ni bora kuliko saa mbili siku ya posho. Gawanya hivi.

Dakika tano za sikio: amri ndogo anazozitii kwa mwili. "Stand up. Sit down. Open the door. Give me the cup." Siku nyingine yeye ndiye anaamuru na wewe unatii. Atapenda sana.

Dakika tano za sauti na maneno, kwa vipande vya karatoni ao kwa chaki juu ya ukuta.

Dakika tano za kusoma: sentensi mbili ao tatu, kidole kikifuata neno kwa neno. Mwisho muulize: "Kwa Kiswahili inasema nini?" Usiache swali hili hata siku moja. Kusoma bila kuelewa ni kazi ya kasuku.

"LAKINI MIMI SIJUI KINGEREZA"

Mama mmoja anayeuza makala sokoni atasema: "Mimi sikufika mbali na masomo, nitamsaidia namna gani?" Mama, kazi kubwa unaiweza. Msomeshe Kiswahili mpaka asome bila kusitasita, ndiyo msingi. Mkalishe karibu na wewe, sikiliza, angalia kama kidole kinafuata maneno. Muulize maana. Akishindwa kueleza kwa Kiswahili, hajaelewa, hata kama Kingereza chake kinasikika kitamu. Na kama nyumbani hamusomi luga yoyote, yaya yake wa sekondari ashike kazi hii.

Ninyi vijana, hapo ndipo zamu yenu. Munajifunza Kingereza shuleni, na mutakisahau kama hamukitumii. Mumfundishe mdogo wenu. Anayefundisha anajifunza mara mbili.

Kabla ya kulipa masomo ya mangaribi, muombe mwalimu jambo moja: akuonyeshe ginsi mtoto anavyosoma neno ambalo hajaliona mbele. Kama anawafundisha kukariri tu, weka makuta yako, ngoja kidogo. Mtoto wa myaka saba anayesoma Kiswahili vizuri hajachelewa na Kingereza. Yeye ameanza mahali panapofaa.

Basi leo mangaribi, baada ya chakula, mkalishe mtoto wako karibu ya taa. Fungua buku lolote la Kiswahili, weka kidole juu ya neno moja katikati ya ukurasa, umuulize: "Hapa wameandika nini?" Jibu lake litakuonyesha muanzie wapi.